Bwana Harusi Mwenye Kipara

Jumanne, 8 Julai

Nimemaliza tamthilia! Nimeiita Ng'ombe Watatu. Katika kikundi chetu cha maigizo hapa Bariadi nimekuwa bibi kizee, mganga, mlevi, na safari moja maiti. Maiti ilisifiwa sana. Lakini bwana harusi? Hata siku moja. Bwana harusi daima ni Fredrick, kwa sababu ya nywele zake na urefu wake. Sasa basi. Huyu wangu nimemwandika mwenye kipara, mnene kidogo, roho safi. Atafutwe mwingine wa sura hiyo Simiyu nzima! Afisa utamaduni atakuja kututazama kijijini Migato, na akituchagua tunakwenda tamasha la mkoa. Salvatory, nimejiambia, safari hii utakwenda ukiwa umeoa.

Alhamisi, 10 Julai

Fredrick amenyoa kipara! Ameingia mazoezini anang'aa kama sufuria mpya. Violeth, bibi harusi wetu, akasema kinampendeza. Kinampendeza! Mimi kipara ninacho miaka yote na hakuna aliyewahi kukitaja kwa wema. Ila mwandishi ni nani? Nimekaa pembeni nikaongeza mstari: bwana harusi ni mfupi, anapita chini ya mkono wa mkwewe bila kuinama. Nywele amenyoa, miguu je, ataikata? Kiongozi wetu, Anatoli, amesoma, amekuna kichwa, amenipa nafasi. Nimepita mbele ya Fredrick mara kadhaa bila sababu.

Jumatatu, 14 Julai

Baba mkwe hatuna. Wote wananitazama mimi, maana wazee ndiyo kazi yangu. Nikaunusa mtego. Nimepanda bodaboda hadi Migato kutafuta mzee wa kweli, nikampata Mzee Mboje. Kule hakuna mahari inayojadiliwa bila yeye kuitwa. Nikamwamkia kwa Kisukuma kama babu yangu, mwangaluka, guku, nikamweleza kazi: aulize mahari, mimi niseme ng'ombe watatu, akubali, vigelegele. Akauliza binti ni wa nani. Nikasema ni wa kuigiza tu. Akauliza kama huyo wa kuigiza hana baba. Nikamwambia kwa siku hiyo baba ni yeye. Uso ukawa mzito kama wa mkwe kweli. Kipaji cha kuzaliwa nacho!

Jumamosi, 19 Julai

Nianzie wapi? Uwanja ulijaa. Afisa utamaduni, Mama Jenifer, alikaa mbele. Nikaingia na suti ya kuazima, nikapigiwa makofi, nikataja ng'ombe watatu. Mzee Mboje akanitazama kuanzia utosini hadi viatuni, akauliza kama hao watatu ni wa kumwonjesha. Haimo kwenye tamthilia! Nikamnong'oneza akubali. Akawatangazia watu kwamba kijana huyu anamnong'oneza amtoe mwanawe kwa bei ya mbuzi, na kesho watu wa Migato watamwuliza yeye, si mimi.

Uwanja ukaguna. Mzee mwingine akainuka kutoka kwa watazamaji, akasema mwoaji amekuja bila ndugu, ni aibu, yeye atamsemea. Wakaanza kuvutana. Watano. Wanane. Wanawake wakataka Violeth asimame wamwone. Alipopiga magoti kuwaamkia, wakapandisha wawili. Msemaji wangu mwenyewe akakiri kwamba kwa kipara hiki ni haki kuongeza mmoja. Wa upande wangu!

Jua linazama na harusi iko ukurasa wa mwisho. Mama Jenifer akaanza kutafuta mkoba wake. Liwalo na liwe! Nikakimbilia nyuma ya pazia, nikavua suti, nikajitanda khanga, nikarudi nikiwa bibi yake bwana harusi. Nikakaa vumbini mbele ya Mzee Mboje. Nikamwambia kwa ile sauti yangu ya kizee kwamba mjukuu huyu nimemlea kwa kulima pamba za watu, kwamba zizi sina, nina macho haya mawili tu, na nataka yaone kitukuu kabla hayajafumba. Machozi yalikuwa ya kweli, sijui yalitoka wapi. Mzee Mboje akajifuta jicho, akasema wabeja, asante, mama, watatu wanatosha, undugu umeingia.

Vigelegele! Bwana harusi aitwe! Bwana harusi niko chini, nimevaa khanga. Akatokea Fredrick ndani ya suti yangu, mikono imemtoka nje, kipara kinang'aa, akamchukua Violeth. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kijana amerefuka lini.

Jumapili, 20 Julai

Tumechaguliwa! Mama Jenifer amenipigia mwenyewe. Amesema alilia, na kwamba kwa miaka yote ya kazi yake hajaona bibi kama yule. Anaomba tamashani bibi aongezewe maneno. Nakiri. Nimefurahi kuliko siku zote.

Jumanne, 22 Julai

Nimetafakari. Kosa lilikuwa dogo sana: mahari. Nimeshaanza tamthilia mpya. Bwana harusi yatima, bibi harusi yatima, mahari hakuna, bibi kafariki kabla pazia halijafunguliwa. Bwana harusi ana kipara, ni mfupi, na safari hii ana kitambi, kwa hiyo Fredrick ajaribu. Mzee ni mmoja tu, mchungaji, naye kazi yake ni kuuliza kama kuna mwenye pingamizi. Nimempa Mzee Mboje. Ni swali moja, tutaigiza palepale Migato, na nani atainuka kulijibu?