Kumvusha Garland Mto

Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu Garland anahama Ohio! Keshokutwa, na nyumba yake ya magurudumu, hadi Kentucky ng'ambo ya mto. Huko korti haitamlazimisha tena kumlipa mtalaka wake, Twyla, pesa za matunzo kila mwezi. Wazo langu! Shule niliacha darasa la kumi, lakini kichwa ninacho. Nilipotaka kufanya kazi ya kukata watu nywele Kentucky, niliambiwa leseni yangu ya Ohio haitambuliki kule. Basi hukumu ya Ohio itatambulikaje? Garland kasema tuulize wakili kwanza. Nikamwambia wakili wake ni mimi.

Jumatano, 5 Juni

Tumevuka! Trela imekwaruza nguzo ya daraja, kibaraza kimebaki Ohio. Si neno. Twyla alikuja kuaga na sufuria ya tambi za jibini. Kaniita mama kama zamani. Eti hata tukihamia mwezini pesa zake zitamfikia. Maskini, wivu! Nikamwambia kiwanda kipya cha huku Kentucky kinamlipa mwanangu dola mia nne zaidi kwa mwezi. Mchomeleaji kama yeye hakuna! Akaniomba nirudie: ngapi?

Ijumaa, 28 Juni

Wezi! Garland kapokea mshahara, matunzo yamekatwa kabla hajaugusa. Agizo la Ohio limefika kiwandani mapema kuliko kibaraza.

Jumatatu, 1 Julai

Nimekwenda kortini Ohio mwenyewe, na kofia ya kanisani. Karani kasema hukumu inamfuata mtu popote, na ni korti ile ile tu inayoweza kuibadilisha. Tena Twyla ameshaomba iongezwe. Kisa? Mshahara umepanda. Nani kamwambia? Nikajikohoza.

Garland hakasiriki hata kidogo. Anasema Twyla alihudumu mgahawani usiku miaka miwili ili yeye asomee kuchomelea, anastahili. Ona roho hiyo! Karithi kwangu. Ila mtoto mwenye roho kama hiyo hawezi kuachiwa mambo yake mwenyewe.

Jumanne, 2 Julai

Nimenunua ramani. Kosa nimeliona: Kentucky ni karibu mno! Wanaona ng'ambo. Tennessee je? Jimbo zima katikati! Garland kasema hapana mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ndogo, kwa hiyo amekubali. Nimewapigia ndugu zangu wote, na Twyla pia, maana hakuna anayefunga vyombo kama yeye. Waje na kamba na malori yao, kuku wa kukaanga nitapika mimi. Jumamosi, saa mbili asubuhi.