Rafu ya Wasio na Kazi

Jumatatu, 4 Machi
Mtunza vielelezo wa chuo amestaafu. Nafasi wazi! Atakayeipata anapewa na vyumba viwili nyuma ya maabara. Madirisha mawili, mlango wa kufunga. Mke wangu anaweza kuja. Mwaka wa sita huu nalala chumba kimoja na wanaume watano, na mmoja anakoroma kama mashine ya kusaga. Mwalimu wa baiolojia anasafiri mpaka Ijumaa. Amesema atamchukua atakayeonyesha kwamba kazi anaiweza. Tuko wawili: mimi mfagiaji, na mtunza bustani tunayemwita Miwani. Miwani anajua majina ya maua kwa Kilatini. Mimi niliishia darasa la sita, ila nina akili ya kuzaliwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimeingia stoo ya vielelezo na karai. Chupa mia moja na arobaini, kila moja na mnyama au mmea wake ndani ya spiriti. Vumbi tupu! Nimeziloweka zote. Vumbi limetoka. Karatasi za majina nazo zimetoka. Zote. Nimekaa kwenye stuli kwa muda.

Jumatano, 6 Machi
Si neno. Mungu alipoumba hakubandika karatasi. Nawapanga mwenyewe, tena vizuri zaidi, maana mpango wa zamani naukumbuka: fujo. Popo alikaa na panya! Ana mabawa, nimempeleka kwa ndege. Mkunga, mwili mrefu bila miguu, alikuwa kwa samaki. Nimemrudisha kwa nyoka wenzake. Uyoga ulijitengea rafu kama mfalme. Umehamia kwenye mimea. Matumbawe waliyahesabu kuwa wanyama. Mawe kabisa! Sasa yanazuia mlango usijifunge.

Alhamisi, 7 Machi
Zimebaki chupa thelathini za viumbe nisiowajua. Nimefungua rafu tatu mpya: Wanaoliwa, Wanaouma, Wasio na Kazi. Mwandiko mzuri, wino mwekundu. Miwani amechungulia dirishani, akauliza jongoo nimemweka wapi. Nikamwambia kwa Wasio na Kazi, na nafasi yake yeye pia ipo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, pole yake shemeji, ataota mvi akinisubiri. Iliniingia.

Ijumaa, 8 Machi
Mwalimu amerudi. Amesimama mbele ya rafu muda mrefu. Akauliza nani amefanya hivi. Nikanyoosha mgongo, nikasema mimi, Mwalimu. Akaisoma rafu ya mwisho mara mbili. Akauliza matumbawe yako wapi. Nikamwonyesha mlangoni. Akakaa kwenye ile stuli. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu yeyote asiguse kitu mpaka Jumatatu. Anaogopa wataniharibia!

Jumatatu, 11 Machi
Makubwa! Wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza wameingizwa stoo na kalamu. Mtihani, na swali ni rafu zangu! Saa nzima na nusu wanaandika bila kuinua kichwa. Mmoja alipotoka alimwambia mwenzake amefikisha thelathini na saba, na rafu ya pili hajaimaliza. Kumbe yapo mengi ya kuandika.

Mwalimu ameniambia kuanzia kesho nifagie uwanja wa nje, ule wa mbali, na stoo nisiikaribie hata kwa bahati mbaya. Funguo kampa Miwani ili arudishe vitu mahali pake. Jioni nimemwona Miwani akiingiza godoro kwenye vile vyumba viwili. Sawa. Lazima awepo mtu wa kuvilinda mpaka barua yangu itoke. Mtu ambaye kazi yake inatungiwa mtihani hawezi kuachwa na ufagio.

Nimempigia mke wangu simu. Ameuliza kama kweli nafasi nimepewa. Nimemwambia bado saini tu, auze kitanda.