Sauti Isiyo na Muhuri

Mheshimiwa Rais wa Mahakama ya Oldersiel. Mheshimiwa Meya na mkufu wako wa fedha wa cheo. Waheshimiwa majaji na waendesha mashtaka. Mawakili wasomi mliokuja mkikokota mikoba ya magurudumu. Profesa Daktari Daktari Hinrichs, mwenye udaktari mara mbili. Kamanda wa zimamoto wa kujitolea. Bendi ya tarumbeta. Mabibi na mabwana, hamjambo! (Makofi. Tarumbeta moja inachelewa kunyamaza.)

Mimi, Daktari Eberhard von Stockum, Katibu Mkuu wa Wizara ya Sheria, nasimama mbele ya pazia hili la bluu kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, kuzindua Mfumo Jumuishi wa Ushahidi wa Kielektroniki, utakaoharakisha haki kwa asilimia mia moja na arobaini kupitia mkakati shirikishi, endelevu na wenye kujali matokeo. (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Na haki ya mwanangu je?")

Naam, nimekuona, Bi Gesche Tammen. Ndugu zangu, kesi ya kijana wake Onno, aliyeko rumande kwa tuhuma za kuchoma ghala la jirani yao Behrends, ndiyo fahari yetu. Wakili wake alileta video ya simu. Zamani ingepotea! Sisi tuliichapa kwenye karatasi, picha baada ya picha, nyeusi na nyeupe, tukazigonga mihuri, tukazituma kwa faksi hadi ghorofa ya pili, na huko zikaskaniwa upya ili ziwe za kidijitali. (Mawakili wanaitikia kwa vichwa.) Jaji akaona wazi kijana aliyekunja uso, kainua sahani juu ya kichwa, watu wamemzingira. Akaamua: huyu mkorofi, abaki ndani.

(Bi Gesche: "Mkorofi nini, wewe! Ulikuwa mkesha wa harusi ya binamu yake! Nani humu hajavunja sahani mlangoni kwa bibi harusi kumtakia heri?" Kicheko. Kamanda wa zimamoto: "Mimi nilivunja mpaka sinki!")

Mila zetu nazijua, mama. Lakini karatasi haitoi sauti.

("Basi sikiliza!" Bi Gesche anainua simu yenye video ile. Humo vyombo vinapasuka, watu wanashangilia, kisha mtu anapiga kelele: "Onno, weka sahani chini, tazama kule! Ghala la Behrends linawaka!")

Zima hiyo simu, tafadhali. Kilichosikika hakijasikika, kwa kuwa hakina muhuri. Sauti zitasikilizwa na mfumo wetu mpya peke yake, ambao sasa, kwa heshima na taadhima, naufunua! (Pazia linavutwa. Ukuta mtupu, na soketi moja isiyo na waya. "Mashine iko wapi, Bwana Daktari?" "Imeenda kununua sahani!" Kicheko.)

Haki kwa kasi! (Wawili wanaitikia: "Kasi!") Karatasi leo, kidijitali kesho!

Namshukuru Meya kwa soseji na bia zinazotungoja uani. Namshukuru mshonaji wa pazia, ambaye ndiye peke yake aliyemaliza kazi katika mradi huu. Naishukuru mapema kamati itakayokutana baada ya likizo ya kiangazi kujadili iwapo mfumo tuliouzindua leo unahitajika. Hadi hapo, Onno yuko salama mikononi mwetu.

Na wewe, Bi Tammen, usikate tamaa. Sauti hiyo tuletee kwa faksi.