Karatasi ya Mistari Miwili

Jumatatu, 6 Septemba 1971
Nimechoka, na msimu wa korosho bado haujaanza. Asubuhi Ndugu Josephu, meneja wetu hapa kwenye ghala la ushirika, alituita wote. Barua imetoka juu: kila mfanyakazi awe na karatasi inayoeleza kazi zake waziwazi, ili msimu ukipamba moto asiwepo wa kusema hakujua. Akasema niziandike mimi, kwa kuwa hati yangu inasomeka. Kazi juu ya kazi!

Halafu akatoa la pili. Kiti cha Karani Mkuu, kilicho wazi tangu yule wa zamani ahamishiwe Nachingwea, kitapata mtu Jumatatu ijayo. Wanaofaa ni wawili. Mimi, Mussa, karani wa ghala mwaka wa sita huu. Na Deolinda, mpiga taipu, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji naye akiwa mgongoni. Ana mwaka mmoja tu kazini! Lazima nikipate kiti hicho. Mke wangu Mwanakombo ameshauambia mtaa wetu mzima wa Likombe kwamba nimekipata. Aliyemwambia ni mimi.

Jumanne, 7 Septemba
Nimepata akili. Mkubwa hana kazi nyingi. Meneja mwenyewe hufanya nini? Hutia sahihi na kukohoa. Basi karatasi yangu ina mistari miwili: Kuongoza. Kutoa ushauri. Ya Deolinda ina kumi na minne, aonekane kibarua kabisa. Kupiga taipu, kupokea magunia, kuyachoma kwa bambo kutazama korosho za katikati, kujibu barua, hata chai. Funguo za ghala nazo nimempa, mstari wa tisa. Zimenitoboa mifuko miaka yote hii.

Mzee Adelino, mlinzi, nimemwandikia mstari mmoja, wazi kama barua ilivyotaka: Kumzuia mlangoni yeyote asiye na kazi ndani ya ghala.

Deolinda alizipiga zote. Aliuliza mara moja tu kama nina hakika na ule wa tisa. Nikamwambia hakika kabisa. Akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile, lakini nilikuwa na usingizi.

Jumatano, 8 Septemba
Karatasi zimesomwa mbele ya watu wote, kando ya mizani. Kila mtu akisikia yake anasema nimekubali, anatia sahihi au dole gumba. Mzee Adelino aliomba yake isomwe mara tatu. Alisema yeye ni Mmakonde, Kiswahili amekijulia ukubwani, hataki kipotee kitu njiani. Saa nzima jua linatupiga!

Yangu iliposomwa makuli walinong'onezana. Mmoja akauliza huo ushauri ni wa nini. Niliona hiyo ni heshima.

Alhamisi, 9 Septemba
Balaa. Saa saba mchana nilikwenda ghalani kujinyoosha juu ya magunia matupu, mahali pangu pa siku zote. Mzee Adelino akasimama mlangoni. Akasema Ndugu Mussa asamehe, karatasi yake haina kazi humu ndani. Nikamwambia karatasi zote nimeandika mimi, na yake pia. Akasema ndiyo maana anaiamini.

Nikamwendea Deolinda mwenye funguo. Akataka kujua naingia kufanya kazi gani. Nikasema kutoa ushauri. Akasema ataupokea kwa furaha, hapo hapo nje.

Nimelala kwenye benchi, nimekaa wima. Shingo haigeuki.

Ijumaa, 10 Septemba
Wakulima wa Mtawanya wameleta korosho za kwanza. Walifika wakamwulizia mwenye funguo. Miaka sita walikuwa wakiniulizia mimi! Nilipotoka msikitini nikakuta wanamwita Mama Ghala. Alikuwa amechoma gunia kwa bambo, akakuta korosho mbichi katikati, na mwenye gunia alikuwa akimwomba radhi. Mimi niliwahi kuombwa radhi lini?

Nikaenda kwa meneja haraka. Nikamwambia Dada Deolinda anaelemewa, bora baadhi ya kazi zirudi kwa wenye uzoefu, hasa funguo. Ndugu Josephu akasema maneno yangu yamemgusa sana. Akayaandika.

Jumatatu, 13 Septemba
Wametangaza. Ndugu Josephu alishika karatasi mbili, ndefu na fupi. Akasema barua ya juu inataka Karani Mkuu awe mtu ambaye asipokuja kazi zinasimama. Deolinda asipokuja, akasema, tufunge milango twende nyumbani. Na mwenzake Mussa mwenyewe ameshuhudia Ijumaa jinsi binti huyu anavyobeba mzigo mzito. Kisha akaangalia karatasi yangu. Akaangalia muda mrefu. Akakohoa.

Nimeumia. Sitaki kujidanganya humu, nimeumia.

Nyumbani Mwanakombo alikuwa ameshapika pilau na majirani wameshakaa mkekani. Nikamwita pembeni nikamweleza. Akauliza kama pilau lirudi jikoni. Nikasema lipakuliwe. Wakala, wakanipongeza mmoja mmoja, nikashukuru mmoja mmoja.

Jumanne, 14 Septemba
Karani Mkuu ameniita. Hakunicheka, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Alisema karatasi yangu haiwezi kubaki vile, nitaachishwa kazi wakaguzi wakiiona. Niandike mwenyewe kazi ninazoweza kufanya, nimpelekee kesho asubuhi, naye atanipigania. Chai ameshaniandikia.

Nimefikiri mchana kutwa nje ya ghala. Mzee Adelino aliniazima kigoda chake. Aliniuliza kwa upole kwa nini nisiandike tu kuhesabu magunia, maana kuhesabu najua. Mzee wa watu, haelewi mambo ya ofisi.

Kosa langu nimeliona. Karatasi ile ilikuwa na mistari miwili. Mingi mno, ikawapa watu nafasi ya kuuliza maswali. Ya kesho nitaweka mmoja.