Siku Mfungua-Vitu Alipofunga Kitu

Saa mbili na dakika kumi na moja asubuhi, siku ya Jumamosi, taa nyekundu iliwaka na kioo hakikuandika kitu.

Sogeeni basi, enyi mliowahi kuipiga redio kofi ikaimba, nanyi mliowahi kuchomoa waya mkaurudisha palepale kisha mkajiita mafundi. Kaeni, zimeni simu zenu, mpokee habari za vita vilivyopiganwa juu ya meza ya chakula yenye urefu wa sentimita mia na arobaini, baina ya mtu mzima mwenye akili zake na bodi isiyozidi ukubwa wa daftari la shule. Waliouawa: hakuna. Waliojeruhiwa: kidole gumba kimoja, kwa lehemu.

Shujaa wa vita hivyo alikuwa fundi mstaafu wa simu za mezani, mwenye umri wa miaka sitini na tatu, Jemadari wa Lehemu, Mbeba Bisibisi Kumi na Saba, ambaye mama mkwe wake, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, hakumwita jina lingine ila Mfungua-Vitu. Jina hilo lilikuwa na ushahidi. Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la kadibodi lenye vitu kumi na kimoja alivyovifungua asivifunge: saa ya ukutani, redio mbili, feni, mzani wa jikoni, na vingine ambavyo hata yeye mwenyewe hakuweza tena kuvitambua. Mzani ulikuwa wa mama mkwe.

Kwa miezi saba shujaa huyu alikuwa akijenga kompyuta. Haikuwa ya kununuliwa dukani ikiwa imefungwa kwenye plastiki, bali kompyuta ya bodi moja, ya namna iliyotumika alipokuwa kijana: ubongo wa biti nane, chipu tisa, mojawapo ya kuianzisha upya kila ikikwama, nyaya mia mbili na kumi na nne alizozilehemu moja moja kwa mkono, na kioo chembamba chenye nafasi ya mstari mmoja wa herufi kumi na sita. Haikuweza kupiga picha, wala kupiga simu, wala kujua kama mvua itanyesha. Iliweza kuandika TAYARI na kungoja amri. Kwa jambo hilo moja alikuwa radhi kuikabili dunia.

Katika chipu zote tisa aliyoipenda zaidi ni chipu ya kumbukumbu, ya aina ya kale, yenye kidirisha cha kioo mgongoni ambamo mwenye macho mazuri huuona moyo wake uking'aa kama ukucha uliopakwa rangi. Alhamisi alikuwa amebandua karatasi iliyokifunika kidirisha hicho, akakisugua kwa spiriti, ili wageni waone. Jambo hili lishikwe, litahitajika.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, mashine iliandika TAYARI kwa mara ya kwanza. Alipobonyeza kitufe chekundu ikaandika salamu aliyoifundisha: SHIKAMOO MAMA. Hapo ndipo shujaa, badala ya kwenda kunawa mikono kama mtu mwenye busara, alipompigia simu mama mkwe wake, aliyekuwa anakuja kesho yake kwa chakula cha mchana.

"Mama, kesho ukifika, mashine yangu itakuamkia."

"Mashine gani?"

"Niliyoijenga mwenyewe, Mama. Kwa mikono hii."

"Mikono iliyofungua mzani wangu."

"Hiyohiyo, Mama."

Mama mkwe akaguna kama mtu anayepima kitu bila mzani. "Haya. Isiponiamkia, irudi chini ya kitanda ikakae na wenzake. Na wewe usifungue kitu kingine mpaka umefunga vile vyote. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" akasema shujaa, kwa sauti ya mtu aliyeshinda mara moja.

Ndiyo maana Jumamosi saa mbili na dakika kumi na moja, kioo kilipobaki kitupu, jambo la kwanza alilolikumbuka ni chini ya kitanda. Alizima, akawasha. Alizima tena, akahesabu hadi kumi, akawasha kwa upole, kana kwamba mara ya kwanza alikuwa ameiudhi. Kioo kiliandika herufi tisa zisizosomeka katika lugha yoyote, kisha kikanyamaza.

Akasimama mbele ya meza, mita ya kupimia umeme mkononi, jua la asubuhi likimpiga kifuani kutoka dirishani, akaihutubia bodi:

"Ewe mashine! Nimekulehemu nyaya mia mbili na kumi na nne. Nimekupa volti tano zisizoyumba. Nimekulaza kwenye meza ambayo mimi mwenyewe naruhusiwa kuikalia wakati wa chakula tu. Jana ulinena mbele yangu peke yangu. Leo, siku ya mashahidi, wanyamaza! Ni nani aliyekuhonga?"

"Unaongea na nani huko?" sauti ya mke wake ikauliza kutoka chumba cha pili, juu ya mlio wa cherehani.

"Na adui!"

"Mwambie adui saa sita naitaka meza yangu."

Mke huyo alikuwa mshona mapazia kwa miaka thelathini, na kwa kuwa mama yake mzazi anakuja, alikuwa ameamka saa kumi na mbili, akashusha pazia la sebuleni na kulianika uani, na sasa alikuwa akimalizia pindo la pazia jipya. Cherehani iliponyamaza ilimaanisha amepima. Ilipolia ilimaanisha amekata shauri. Tofauti na mumewe, hajawahi kuacha kitu kikiwa nusu.

Vita vikaanza rasmi saa mbili na nusu. Shujaa alipima umeme: volti nne nukta tisa nane, safi kabisa. Akapima mapigo ya saa ya mashine: yalikuwepo, sawasawa kama mwendo wa askari wa gwaride. Akazipitia nyaya zote, mmoja baada ya mwingine, kama jemadari anayekagua kikosi chenye msaliti ndani yake, akiziita kwa namba na kuzisikiliza zikiitikia kwa mlio wa mita. Na waya wa mia mbili na kumi na nne ulipoitikia, akatambua kwa huzuni kubwa kwamba hapakuwa na msaliti. Alilehemu upya viungo sita visivyokuwa na kosa lolote. Kwenye kiungo cha nne alijichoma kidole gumba, akatoa neno ambalo halitaandikwa hapa.

"Umeumia?" mke akauliza.

"Shujaa haumii."

"Maji ya baridi yapo jikoni, shujaa."

Akaenda.

Saa nne na robo mke aliingia sebuleni na pazia jipya begani, zito, rangi ya kahawia, akaenda dirishani kupima kimo. Alinyoosha mikono juu, akaliinua pazia mpaka kwenye fimbo. Wakati huohuo shujaa, aliyekwisha kuishiwa na sayansi, alikuwa akiikandamiza chipu ya kumbukumbu kwenye ncha yake moja kwa kidole chake kilichojeruhiwa. Akakiondoa kidole. Kioo kikaandika: TAYARI.

"Haaa!" Akaruka, kiti kikaanguka. "Ni mguu wa chipu! Ulikuwa umelegea kwenye soketi! Mke wangu, shuhudia! Hiki ndicho kidole! Mainjinia wana vyuo, wana vyeti, wana vyombo vya thamani. Mimi nina kidole! Siku moja watauliza ni kwa nguvu gani mtu mmoja, kwenye meza ya..."

"Bado sentimita mbili," mke akasema, akalishusha pazia na kwenda zake kwenye cherehani.

Kioo kikaandika takataka, kikafa.

Shujaa alikandamiza tena. Alikandamiza mara kumi na moja, kwa nguvu zilizozidi kupanda, mpaka alama za kingo za chipu zikabaki kwenye ngozi yake. Aliposhindwa aliinua kiti kilichoanguka, akakikalia, akakiri moyoni kwamba hotuba ile ilikuwa ndefu mno kwa ushindi wa sekunde arobaini.

Saa tano na dakika ishirini na tano simu iliita.

"Nipo kituoni, napanda sasa hivi," mama mkwe akasema. "Imeamka hiyo mashine, au bado imelala?"

"Iko... inajiandaa, Mama."

"Na mzani wangu uliniambia hivyohivyo. Unajiandaa."

Akakata. Shujaa akaitazama bodi, kisha akautazama mlango wa chumba cha kulala, ambako sanduku la kadibodi lilikuwa na nafasi tupu ya ukubwa uleule. Miezi saba ingetosha pale kwa urahisi.

Saa tano na dakika thelathini na tatu mke alirudi na pazia lililokwisha pindo, akaliinua tena dirishani ajaribu. Shujaa hakuwa ameigusa mashine. Mikono yake yote miwili ilikuwa kichwani. Kioo kikaandika TAYARI.

Mke akalishusha. Takataka.

"Inua!" shujaa akapaza sauti.

"Niinue nini?"

"Pazia! Inua kama lilivyokuwa!"

Akainua. TAYARI. Akashusha. Takataka. Hapo fundi wa zamani, yule aliyewahi kutafuta hitilafu kwenye nguzo mia tatu za simu, akaamka ndani ya shujaa na kumsukuma pembeni. Akafungua daftari ukurasa mpya.

"Sasa simama hapo dirishani bila pazia."

"Mimi nguzo?"

"Tafadhali, mke wangu. Dakika moja."

Akasimama, kivuli chake kikaanguka mezani. TAYARI.

"Sasa inama."

"Mzee, nina mgongo."

"Mara moja tu."

Akainama. Takataka. Shujaa akayaandika majaribio yote manne, akayasoma, akatangaza: "Ushahidi uko wazi. Ni wewe. Mashine hii inaendeshwa na wewe."

"Basi nilehemu na mimi nikae humo," mke akasema, akisimama na kushika kiuno. Akaja mezani, akaiinamia bodi kama anavyoikagua nyumba ya mteja anapoitwa kuyavalisha madirisha nguo. Jua lilikuwa limelala pale juu ya chipu, na kile kidirisha kilichosuguliwa kwa spiriti kilikuwa kinametameta. Akakionyesha kwa ncha ya sindano.

"Na hiki kidirisha mbona hakina pazia?"

Shujaa akalivuta daftari. Alirudisha kurasa za daftari nyuma, miezi saba nyuma, mpaka ukurasa wa kwanza kabisa, ambako kwa mwandiko wake mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwa mistari miwili chini yake, palikuwa pameandikwa: FUNIKA KIDIRISHA. Alilijua jambo hilo kwa miaka mingi. Aliwahi kuwafundisha wengine: kidirisha cha chipu hii kiliwekwa ili maandishi yaweze kufutwa kwa taa maalumu, na jua kali likiingia humo chipu husoma ovyo, likiachwa majuma, maandishi hufutika yote. Ijumaa jioni jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba, na pazia lilikuwa mahali pake. Adui aliyesakwa kwa saa tatu kwenye nyaya mia mbili na kumi na nne alikuwa jua, na aliyemfungulia mlango alikuwa na chupa ya spiriti na hamu ya kusifiwa.

"Nitundike hili kubwa, tumalize?" mke akauliza.

"Tundika."

"Halafu Mama atasomaje? Kwa macho yale, bila mwanga wa dirisha haoni hata sahani."

Kweli tupu. Ikiwa pazia lingefungwa, mashine ingenena na mama mkwe asingesoma. Lingefunguliwa, angesoma na mashine isingenena. Saa tano na dakika arobaini na nne.

"Nipe kipimo," mke akasema.

Shujaa akashika rula, akatazama kwa lenzi. "Milimita nane kwa nane."

"Miaka thelathini ya kushona, mteja wa kwanza kunipimia dirisha kwa lenzi." Akakata kipande cha kitambaa cheusi, akakiinua juani. Nuru ikapenya kama kwenye ungo. Akatikisa kichwa. "Dirisha la jua kali halivalishwi bila bitana." Akakata cha pili, akavigandisha pamoja kwa gundi, akainua tena. Giza. Akakibeba kwa ncha ya sindano na kukilaza juu ya kidirisha, akakibonyeza kwa ukucha, akanyoosha pembe moja iliyokuwa imepinda, kwa sababu ilikuwa imepinda.

Shujaa akawasha. Jua lilikuwa tele mezani, dirisha uchi, mke pembeni kabisa. TAYARI. Akangoja dakika tano kamili kwa saa. TAYARI. Safari hii hakutoa hotuba. Alikwenda kuchukua sahani.

Na waandike waandikao tarehe, wachonge wachongao mawe, kama wana jiwe dogo la kutosha: kwamba siku hiyo, kabla ya saa sita mchana, katika mwaka wa thelathini na tano wa ndoa yake, Mfungua-Vitu alifunga kitu, na kitu chenyewe kilikuwa dirisha, lenye upana wa milimita nane, na pazia lake alilishona mwingine.

Saa sita na dakika mbili mama mkwe aliingia, akapokelewa mkoba, akaketi kwenye meza upande wa dirisha. Aliitazama bodi iliyokuwa imesogezwa kando ya bakuli, akauliza nyuzi zote hizo zinatafuta nini, akatoa miwani. Shujaa akabonyeza kitufe chekundu kwa kidole kilichojeruhiwa.

Mama mkwe alisoma herufi moja moja, midomo ikichezacheza, mpaka mwisho wa mstari. Akavua miwani. Akakaa wima.

"Marahaba, mwanangu," akasema saa sita na dakika saba. Macho yake yalikuwa kwenye mashine.