Kifungo Amepata Kwao, Wigi Langu Limebaki Zizini

Mwenzenu leo nimepatikana. Nimeoga, nimerudia kuoga, na bado nikigeuza shingo nasikia harufu ya zizi. Naandika sasa hivi kabla hamjasikia kwa wengine, maana kesho habari itakuwa imezunguka senta nzima na imetiwa chumvi. (Hii yangu haina chumvi. Haihitaji.)

Mnamkumbuka Kifungo, yule mbwa mdogo niliyemtoa kwenye kalavati kipindi cha mvua, mguu umenasa, analia kama mtoto mchanga. Nilimwita Kifungo kwa sababu ya udogo wake. Mimi fundi cherehani, ningemwita nani? Basi akapona, akanenepa, akaanza kula mayai ya mama mwenye nyumba. Wala hajifichi. Anakula huku anamtazama kuku usoni.

Jana mama mwenye nyumba akasimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni. Akasema leo anakwenda mnadani na akirudi jioni asimkute mbwa. Akimkuta, atajua tumeamua kuhama wote wawili. Nikamwambia hakuna shida mama, mbwa ameshapata mtu. Hakuwa amepata mtu.

Lakini nilikuwa na Mzee Marwa kichwani. Huyu ni mzee mfugaji wa Nyanungu, juzijuzi alikuja kupunguziwa suruali. Wakati nampima alilalamika kwamba fisi wanamsumbua, wezi wa ng'ombe ndio usiseme, na mbwa wake amekufa kwa uzee. Mimi na pini zangu mdomoni nikamwambia ninaye mbwa. Akauliza kama ni mkali.

"Mzee, huyo watu wanampitia mbali."

(Wanampitia mbali kwa sababu hawamwoni.) Akauliza ukubwa wake. Nikasema bado anakua. Jamani, Kifungo ana mvi puani.

Basi leo asubuhi nikampigia simu, akasema mlete. Nikapendeza. Nikavaa wigi langu jipya, lile la nywele ndefu mlilonisifia, nikamtia Kifungo kwenye kikapu, nikapanda boda mpaka Nyanungu. Dereva njia nzima alijua nimebeba kuku.

Nikapokelewa vizuri sana. Nikamwamkia Mzee shikamoo, nikamwamkia mke wake, Bibi Bhoke, aliyekuwa anapepeta ulezi. Nikapewa kigoda, nikapewa uji. Mzee akawa anachungulia nyuma yangu kule njiani, anamtafuta mbwa. Pembeni yake ameandaa mnyororo, ule wa kufungia dume la ng'ombe. Nikafunua kikapu. Kifungo akatoa kichwa, akapiga chafya.

Mzee akautazama mnyororo. Akamtazama Kifungo. Mnyororo ulikuwa mzito kuliko mbwa.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mzee. Ukali wake uko ndani."

Hapo ningebeba kikapu changu nikaondoka na heshima yangu. Lakini kichwani nilimwona mama mwenye nyumba na mikono yake kiunoni, nikaendelea kumsifia yule mbwa mpaka nikaanza kumwogopa mwenyewe. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwake mbwa hapokelewi kwa maneno. Hata dume la kulimia linafungwa kwanza jembe, mtu aone linavyovuta, ndipo mzungumze. Kwa hiyo Kifungo atajaribiwa. Atafungwa langoni, na mwizi ataingia zizini kuchukua ndama.

Nikauliza mwizi yuko wapi. Wakanitazama wote wawili.

Mzee alisema goti lake bovu. Vijana wake wako malishoni na ng'ombe. Bibi ana ulezi wake. Ndiyo nikavalishwa kabuti la Mzee la mvua, linafika chini kabisa, na kofia yake juu ya wigi, ili Kifungo asinitambue. Nikauliza kama majirani wameambiwa. Mzee akajibu kwamba waambiwe nini, huu ni mchezo wa mara moja. Kisha akamfunga Kifungo langoni kwa kamba, akaingia ndani kuchungulia dirishani.

(Mtaniuliza akili yangu ilikuwa wapi. Mimi ni mtu wa hukuhuku. Nimezaliwa Gorong'a, najua kabisa kwetu mtu haonekani anavuta ndama asiye wake mchana kweupe. Nilikuwa nafikiria kodi ya chumba.)

Nikazunguka nyuma ya zizi, nikanyata nikaingia. Nilinyata vizuri, acha nijisifu hapo. Nikamfungua ndama, nikavuta. Kifungo akaniona. Akatingisha mkia, akajilaza kivulini, akafumba macho. Nikamnong'oneza abweke. Hakuna. Nikamsihi. Jamani, mwizi nimepiga magoti namsihi mbwa anibwekee! Akafumbua jicho moja, akalifunga.

Ndama naye hakutaka kwenda. Nikavuta, akakaza shingo. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na hapo ndipo akabadili mawazo, akatoka mbio, mimi nimening'inia kwenye kamba, kabuti linapepea. Tukafika upande wa pili humohumo zizini, unaotazamana na mashamba ya muhogo. Huko kulikuwa na mama analima. Akainuka. Akaona mtu wa kabuti na kofia anakimbia na ndama wa Mzee Marwa.

Akapiga yowe.

Kama hujawahi kusikia yowe la wizi wa ng'ombe Nyanungu, mshukuru Mungu. Watu wa boma la jirani wakalipokea, wa boma la pili wakalipokea, mara nasikia linatoka hata ng'ambo ya mto. Watu wakaanza kushuka kutoka kila upande na fimbo. Nikawa naita Mzee, Mzee, waambie! Na kweli Mzee akatoka. Alitoka na rungu. Mzee wa watu alikuwa amesinzia pale dirishani, yowe likamwamsha, akasahau kila kitu. Mwizi kwake! Akanijia mbio, lile goti bovu limepona kabisa.

"Mura, achia ndama!"

Mura! Naitwa kijana, na maziwa yangu mawili. Nikaachia ndama, nikageuka nikimbie, nikakanyaga kabuti. Nilianguka kifudifudi katikati ya zizi, mahali ambapo hapajakauka. Nikasema basi, nimekwisha, nakufa kwa ajili ya mayai.

Ndipo nikasikia kitu kinatua mgongoni kwangu. Kifungo. Alikuwa amekata kamba. Akasimama juu yangu, miguu yote minne, akabweka. Sijawahi kumsikia akibweka hivyo. Alimbwekea Mzee, akawabwekea wenye fimbo mmoja mmoja, manyoya yamesimama, anatetemeka mwili mzima lakini hashuki. Watu wakasimama. Nawaambia ukweli, pale chini na mavi mdomoni, nilitaka kulia.

Nikainua kichwa niseme mimi ni nani. Kofia ikabaki chini. Wigi nalo likabaki na kofia. Nikasimama mbele ya kijiji kizima na vile vituta vyangu vya nywele za chini ya wigi, ambavyo hata mama yangu hajaviona siku nyingi.

Halafu yule mama wa muhogo, aliyepiga yowe, akasogea akaniangalia vizuri. Alikuwa Mama Nyangi. Mteja wangu. Gauni lake la harusi ya mdogo wake liko kwangu mpaka leo, na mdogo mtu ameshajifungua.

"Fundi," akasema polepole. "Kumbe ndiyo maana nguo zetu haziishi. Una kazi nyingine."

Nyanungu yote ilicheka. Walicheka mpaka wengine wakaketi juu ya ukuta wa zizi. Mzee Marwa ndiyo akakumbuka, akashusha rungu, akaanza kuwaeleza majirani kwamba lilikuwa jaribio, na hapo wakacheka upya. Mimi nimesimama tu, natiririka.

Walipotulia, Mzee akatoa hukumu. Akasema mbwa hafai. Ameachia ndama akaenda kumlinda mwizi, sasa huyo ni mbwa gani? Nikaona chumba changu kinaondoka. Ningesema nini, na ushahidi wote umenipaka?

Bibi Bhoke hakuwa amesema kitu tangu asubuhi zaidi ya kuitikia salamu. Akaweka ungo chini.

"Amemlinda anayemlisha," akasema. "Kuanzia leo nitamlisha mimi."

Mzee akataka kubisha, akaona uso wa mke wake, akaenda kumfunga ndama.

Bibi akamwekea Kifungo kipande cha ugali kiganjani. Kifungo akanitazama, akautazama ugali. Haikumchukua muda kuamua. Alipomaliza akarudi zizini, akaliburuta wigi langu mpaka miguuni kwa Bibi, akalizunguka, akalilalia. Nikainama nilichukue. Bibi akanishika mkono, akasema nimwachie, lina harufu yangu, usiku wa kwanza asije akalia. Nikamwachia. Nilipofika langoni nikageuka. Alikuwa ameshalala.

Dereva wa boda alitandika gunia kwenye kiti kabla hajaniruhusu nipande. Njia nzima mimi nalia, yeye anacheka. Kila nikikumbuka zile nyayo nne mgongoni naanza upya.

Nimefika, mama mwenye nyumba ameshatoka mnadani. Akauliza mbwa yuko wapi. Nikamwambia amepata kwao, hayupo tena. Akaninusa kwa mbali, akarudi nyuma, akasema sawa, ila nisafishe chumba vizuri, maana harufu yake bado ipo.

Nimeitikia ndiyo mama.

Mama Nyangi, kama umo humu, gauni lako namaliza Jumamosi. Nyie wengine chekeni mmalize leo hii, na mkinikuta njiani nisalimieni kwa sauti ya chini, mwenzenu bado nashtuka.