Pikipiki ya Miguu Minane

Pikipiki ya kwanza kupita Segera ilikuwa na miguu minane, na miwili kati ya hiyo ilikuwa ya Mwinjuma. Asiyeamini akamwulize bibi yake, kama huyo bibi si mwongo kuliko mimi.

Enzi hizo Mjerumani ndiye mwenye nchi, na Mwinjuma ndiye mwenye maneno. Alitoka kwao Kang'ata akafagia karakana ya reli Korogwe msimu mmoja wa mvua, akarudi anajiita fundi wa vyuma vinavyozunguka. Chuma kikizunguka, yeye ndiye baba yake. Hata jiwe la kusagia la jirani alilitazama kwa jicho la kudai.

Majigambo yale yalikuwa na sababu. Alikuwa amemposa Tatu, na Hamisa, mama yake Tatu, alikuwa hajajibu. Mume wa Hamisa alibeba pembe za ndovu safari za bara mpaka bega likaota nundu, akarudi nyumbani kulala kifudifudi na kuguna. Basi Hamisa akaapa, "Mwanangu haolewi na mpagazi. Nimekanda bega moja maisha yangu yote, linatosha."

Sasa, bwana wa shamba la mkonge, Mjerumani ambaye watu walimwita Bwana Sharubu, alikuwa na pikipiki. Gurudumu la nyuma likaanza kulia kokoro-kokoro, gololi zake zimelika. Siku anakwenda Tanga alimwachia Mwinjuma kopo la gololi mpya.

"Ijumaa nashuka Korogwe. Ulete pikipiki stesheni. Ikilia, kiboko hamsa ishirini."

"Haitalia, bwana," akasema Mwinjuma. "Ikilia, nikate ulimi."

Kubadilisha gololi alibadilisha vizuri, tusimnyime haki yake. Akachomoa ekseli, akamwaga gololi mbovu, akapanga mpya kwenye grisi kama mtu anayepanda mahindi. Ikabaki kukaza nati. Hapo damu ya kwao ikampanda. Baba yake alikuwa mwamba ngoma, na mwamba ngoma ana sheria moja: ngoma ikilia vibaya, ngozi imelegea. Kaza.

Akakaza. Akatikisa gurudumu, likasema ko. Akakaza tena, likasema k. Akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, akamwita Ernesti, mtani wake, Msambaa wa Mashewa, aje aning'inie kwenye ncha.

"Mtani, hiki chuma kinalalamika," Ernesti akasema, miguu iko hewani.

"Kinakaa sawa."

"Nyie Wazigua mkifunga banda la kuku, kuku hufa kwa kukosa hewa."

"Ning'inia wewe, tumbo la viazi."

Akatikisa tena. Kimya. Ernesti akashuka, akajaribu kulizungusha gurudumu kwa mikono miwili, kisha kwa mguu.

"Mtani, halizunguki."

"Nani aliniambia lizunguke? Bwana kasema lisilie."

Lakini stesheni ilikuwa mbali, na gurudumu lililokwama halisukumiki. Wakarudi kuilegeza nati. Wakavuta, wakaning'inia wote wawili, mpaka pembe zake zikalika ikawa laini kama yai. Mwinjuma akaanza kuwashwa mgongoni kabla ya kiboko.

Ijumaa asubuhi akakata miti miwili mirefu, akaifunga pikipiki katikati kwa kamba za mkonge, akawapanga Ernesti na wakata mkonge watatu waibebe. Mwenyewe akapanda juu.

"Unapanda kufanya nini?" Ernesti akamwuliza.

"Fundi lazima ashike usukani."

Wakapita mlangoni kwa Hamisa, naye anapepeta mtama. Zama zile, mtu wa kubebwa mabegani ni Mzungu au akida, wa tatu hakuna. Ungo ukasimama hewani. Hawajafika bondeni, Tatu akawa nyuma yao anakimbia.

"Mama anasema posa imekubaliwa."

"Mwambie nimesikia," akajibu Mwinjuma bila kugeuka, kwa sababu angegeuka angeanguka.

Korogwe treni ikafika, Bwana Sharubu akashuka. Mkata mkonge mmoja alipoziona zile sharubu akakumbuka kwao kuna msiba, akaondoka mbio. Bwana akaizunguka pikipiki. Akalipiga teke gurudumu. Akainama, akatega sikio.

"Hailii," akasema Mwinjuma.

Bwana akafikiri sana, kwa Kijerumani. Naye alikuwa mtu wa neno lake: alisema ikilia, kiboko, na haikulia. Kiboko hakikutoka. Akapanda, akakaa kitini, akashika usukani, kisha akaonyesha kwa kidole penye bega lililopungua, mbele upande wa kulia.

"Fundi. Hapa."

Bwana alikuwa na uzito wa ndama aliyeshiba. Njia nzima Ernesti alikuwa anauliza, "Mtani, usukani umemwachia nani?" Tangu azaliwe, ndiyo mara ya kwanza Mwinjuma kukosa pumzi ya kusemea.

Walipokaribia kwa Hamisa, mama huyo alikuwa amesimama kando ya njia. Na kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mkwe huingia porini, na mama mkwe hujifunika uso kwa kanga mpaka apite. Mwinjuma hakuweza kuingia porini, maana Bwana na pikipiki wangeingia naye. Heshima yote ikabaki kwenye kanga ya Hamisa.

Hamisa akamtazama aliye juu. Akawatazama walio chini. Akaja taratibu mpaka kwenye mti wa mbele, uso mtupu, akamkazia Mwinjuma macho.

"Jifunike, mama," Mwinjuma akanong'ona. "Mkweo napita."

Hamisa akaivua kanga begani. Akaikunja, akaisokota ikawa ngata nzuri ya kupokelea mzigo, akaisokomeza kati ya mti na bega la Mwinjuma.

"Iache hapohapo," akasema. "Nundu huanzia hapa."